Kigingi Kilichotembea

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na niliamini kabisa kwamba nchi hii inajengwa na mimi. Wenzangu wengine walikuwa wananisaidia tu. Nilishuka kwenye lori nikiwa na sanduku la bati, godoro la sufi lililofungwa kwa kamba ya katani, na daftari la mashairi ambalo sikuliweka ndani ya sanduku kwa sababu nilitaka watu walione. Nilikuwa mwalimu mpya, kutoka Manundu, Korogwe, mtoto wa mkata mkonge, na kijiji nilichopangiwa kilikuwa kipya kuliko mimi. Nyumba zilikuwa zimesimama kwa mstari, udongo wa kuta bado mbichi, na watu waliohamia pale kutoka pande zote za Handeni walikuwa bado wanaulizana mlango wa nani ni upi.

Sijui nielezeje furaha ya siku zile kwa mtu ambaye hakuwepo. Kila kitu kilikuwa kinaanza. Leo tunachimba msingi wa ghala, kesho tunapanda mihogo ya kijiji, kesho kutwa bibi mwenye wajukuu kumi anaandika jina lake kwa mara ya kwanza na anapiga vigelegele mwenyewe, hasubiri kupigiwa. Nilikuwa nalala nimechoka kama punda na naamka nikiimba.

Walimu tulikuwa watatu. Mwalimu Mkuu alikuwa Mshambaa mrefu, mkali, aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi hata siku ya kulima. Wa pili alikuwa mwalimu mwanamke aliyenizidi kama miaka kumi na miwili, Mzigua wa hapo hapo Handeni, na huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu, au akikasirika, mshairi. Alifundisha darasa la kwanza asubuhi na kisomo cha watu wazima mchana. Sijapata kuona mwalimu kama yule. Mtu mzima aliyeshika kalamu kama anashika shoka alikuwa anamaliza miezi mitatu kwake na anasoma gazeti la wiki iliyopita kwa sauti, mbele ya jirani asiyejua kusoma, kwa makusudi.

Lakini alikuwa na neno lililomfuata. Nalo ni kupe.

Wenye umri wangu wanalijua lilivyokuwa zito. Kupe ni mdudu anayenyonya ng'ombe, lakini siku zile kupe alikuwa mtu anayekula jasho la wenziwe. Lilihubiriwa redioni, likaandikwa ukutani kwa chokaa, likaimbwa. Mtu aliweza kukuita mwizi mkapatana, ila akikuita kupe mbele ya watu, hapo mmegombana kweli.

Na dada yangu huyu, kwa macho yetu, alikuwa na dalili zote. Kila Jumamosi saa mbili, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo ya ghala kiligongwa, tukaenda shamba la kijiji. Kila kundi lilikuwa na eneo lake, na walimu tulikuwa na letu. Dada alikuja, alilima nusu saa, halafu alianza kuyumba. Alikwenda kukaa. Wakati mwingine alivuta mguu, wakati mwingine hakuuvuta. Jumatatu asubuhi unamwona anatembea vizuri, anacheka, anaandika ubaoni herufi zilizonyooka, na unajiuliza yule mgonjwa wa juzi amekwenda wapi. Alikuwa amenenepa vizuri tu. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda, hakukohoa. Zahanati walimpima, wakampa klorokwini kwa sababu klorokwini ndiyo iliyokuwepo, na wakaandika kwenye daftari lake kwamba hana homa.

Mchana mmoja wa jua kali, ofisini, Mwalimu Mkuu alimwuliza dada kwa nini hakufika kusimamia shamba la shule. Dada alikuwa amekaa, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Akajibu taratibu, "Miguu yangu mizito, macho yangu yana giza."

Mwalimu Mkuu akasema, "Mgonjwa ana cheti. Cheti chako kiko wapi?"

Hakuwa nacho. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa pembeni nahesabu kwa vidole chini ya meza. Mi-gu-u ya-ngu mi-zi-to, nane. Ma-cho ya-ngu ya-na gi-za, nane. Mizani kamili, na mtu kaongea tu bila kujua! Nilikimbilia daftari langu kabla maneno hayajapoa.

Lazima niseme nilikuwa naandika nini. Tulipata habari kwamba Mkuu wa Wilaya atatembelea kijiji, na mimi nilipewa kazi ya kutunga ngonjera, yale mashairi ya kujibizana ambayo siku zile hapakuwa na mgeni aliyepokewa bila hayo. Wasomaji wa kisomo ndio wangeighani. Katika ngonjera yangu alikuwepo Mkulima, alikuwepo Mwanakijiji, na alikuwepo Kupe. Nilikuwa nimekwama wiki nzima kwa sababu Kupe hakuwa na la kusema. Sasa akapata.

Pamoja na habari ya mgeni ikaja habari nyingine. Siku hiyo hiyo, kijiji kilitakiwa kumkabidhi orodha ya wazembe, watumishi wakiwemo. Mwalimu Mkuu alitusomea barua, halafu akaikunja bila kumtazama mtu. Sote tulijua jina la nani lingeandikwa pale. Mwalimu aliyeingia kwenye orodha hiyo angeondolewa darasani, na dada hakuwa na kitu kingine duniani alichokipenda kama lile darasa la kisomo.

Tulifanya zoezi la kwanza siku ya Jumatano, saa tisa alasiri. Sehemu ya Kupe nilimpa mama mmoja mpika bada, yaani ugali wa muhogo, mcheshi wa kijiji kizima, aliyeweza kumwiga mtu yeyote hadi wewe mwenyewe ukajitambua. Alikuja amejishonea gunia lenye matobo liwe vazi la Kupe. Akapanda kwenye kijukwaa cha matofali, akavuta mguu, akashika ukuta, akafumba jicho moja, akaghani.

*Miguu yangu mizito, macho yangu yana giza,*
*Jua nalo lina moto, kivulini najilaza,*
*Mnaolima ni watoto, chakula nitamaliza,*
*Kazi kwangu ndiyo ndoto, nikilala naiwaza.*

Watu walicheka hadi wakajishika mbavu. Nami nilicheka, kwa sauti kuliko wote, maana hakuna kicheko kitamu kama cha mtunzi. Halafu nikageuka nikamwona dada amekaa mlangoni. Alikuwa amekuja kwa sababu wale walikuwa wanafunzi wake. Mama mpika bada alikuwa mwanafunzi wake. Hakuna aliyemwambia amwige mwalimu wake, na sidhani kama alijua kwamba anamwiga. Mwendo ule alikuwa anauona kila siku, ukamjia wenyewe.

Dada akainuka, akatoka. Nilimfuata nje. Alikuwa anatembea akigusa ukuta. Hakusimama kunisubiri, ila nilimfikia bila shida.

"Dada," nikasema.

"Mstari wa tatu," akasema.

"Ee?"

"Mstari wa tatu mizani imezidi. 'Mnaolima' peke yake ni tano. Mnaolima ni watoto, tisa. Andika 'Limeni enyi watoto', zitakuwa nane. Mgeni wa wilaya asije akatuona hatujui kuhesabu."

Akaenda zake. Nilisimama pale na daftari langu, nikatamani anitukane. Kama angenitukana ningejibu, tungegombana, tungeyamaliza. Lakini alinisahihishia ubeti uliomtukana yeye, na akanisahihishia vizuri, na sikuwa na namna ya kujitetea.

Mtu mwenye akili angekaa akatafakari. Mimi nilifanya kile ninachokifanya nikiona aibu, nilitafuta sifa mahali pengine. Na mahali pa kupata sifa nilipajua. Katika shamba la kijiji, eneo la walimu lilikuwa linaongoza. Kila Jumamosi tukimaliza, nilikuwa nasimika kigingi cha mti wa mkwaju pale tulipoishia, na kila Jumamosi iliyofuata kigingi kilionekana kimefika mbali kuliko nilivyokumbuka. Mwenyekiti wa kijiji alipita, akatazama, akasema, "Mwalimu kijana una mkono mwepesi!" Nami nilimjibu, "Ni damu ya mkonge, mwenyekiti." Nilimaanisha. Niliamini kwamba nikishika jembe huwa nasahau nafsi, nalima zaidi ya ninavyojua. Mwalimu Mkuu mwenyewe aliniambia nipunguze, nisije nikajiumiza.

Basi Alhamisi ile niliamka saa kumi na moja alfajiri. Nilikusudia kwenda kulima kwa siri, nisogeze kigingi hatua kumi na tano, ili Jumamosi watu washangae na mimi nisahau mlango ule na mtu aliyekaa mlangoni. Nilibeba jembe begani nikipiga mluzi. Umande ulikuwa umelowesha suruali hadi magotini, na kulikuwa na ubaridi mtamu unaopatikana Handeni kwa saa mbili tu kwa siku.

Nikasikia jembe.

Nilidhani mwizi. Baadaye nilijicheka, mwizi gani anaiba kwa kulima? Nikanyata. Alikuwa dada. Alikuwa amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, ya kichwani imeloweshwa maji. Alikuwa amesimama kwa miguu yake yote miwili na analima. Na alikuwa analima, jamani! Hakulima kama mimi kwa kelele na kuhema, alilima kwa mapigo ya mtu aliyezaliwa kwenye kazi hiyo, tuta linanyooka nyuma yake. Alipofika mwisho wa tuta, akarudi kwenye kigingi changu, akaking'oa, akaja nacho, akakisimika mbele na kukigonga kwa mpini.

Nilisikia joto la aibu likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Mkono wangu mwepesi ndio ule pale. Damu yangu ya mkonge ilikuwa imejifunga kanga mbili.

"Usisimame hapo kama kigingi cha pili," akasema bila kugeuka. "Kama umekuja kulima, lima. Jua halinisubiri."

Tulilima pamoja, na ndipo aliponiambia. Aliongea huku analima, kwa vipande. Ilianza miaka sita nyuma, jicho moja likawa linaona kama kupitia glasi ya taa yenye masizi, likakaa wiki tatu, likapona lenyewe. Ikaja ganzi ya mguu wa kushoto, ikaondoka. Ikarudi. Uchovu ulikuja bila kazi. Alikwenda kwa madaktari wa Korogwe, akalala kwa dada yake huko Kilole wiki mbili, wakampima damu na choo na mkojo, wakamwambia ni mzima. Mama mkwe akasema amerogwa, wakampeleka anakopelekwa mtu aliyerogwa, akarudi na chale na mguu ule ule. Jambo moja tu alikuwa amelijua mwenyewe, kwa kujichunguza. Joto lilikuwa adui yake. Kukiwa na ubaridi alikuwa mtu, jua likimpiga kichwani ni kama mtu amepuliza koroboi. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi alikuja alfajiri kulima sehemu yake na zaidi, na kusogeza kigingi ili pasiwe na maswali.

Niliruka juu. "Dada, namwambia Mwalimu Mkuu leo leo! Hilo jina haliandikwi! Nitamwambia unaumwa."

"Ninaumwa nini?"

Nikaanza kubandua udongo kwenye jembe langu.

"Umeona? Atakuuliza hilo hilo. Ukisema unaumwa na huna jina la ugonjwa, umekuwa mzembe na mwongo pia. Nimekwisha kujaribu, mdogo wangu. Halafu wakikuamini ni vibaya vile vile, wanakuonea huruma, wanakwambia pumzika nyumbani. Mimi sitaki kupumzika nyumbani. Nataka darasa langu."

Nikamwuliza basi nifanye nini. Aliegemea mpini, akafikiri. Jua lilikuwa limeanza kuchungulia na nilimwona anaanza kulikwepa, akigeuza shingo.

"Kigingi ni cha walimu wote, na wewe una haki ya kukisema," akasema. "Miguu ni yangu. Hiyo niachie mwenyewe." Nikamwahidi.

Tangu siku ile tulianza utaratibu wetu, bila kumwomba mtu ruhusa. Vipindi vyake vingi vikasogezwa kabla ya saa nne, mimi nikachukua vya mchana na kusimamia shamba la shule. Nilibeba kiti kutoka ofisini nikakiweka mbele ya darasa lake, na wanafunzi wakakizoea siku hiyo hiyo, watu wazima ndio tuliochelewa kukizoea. Jicho likiingia masizi, niliandika mimi ubaoni herufi kubwa kama majembe, yeye akafundisha kwa mdomo. Naye jioni alinisahihishia mashairi. Sijui nani alimsaidia mwenzake zaidi, maana mashairi yangu yalikuwa na hali mbaya kuliko mguu wake.

Tukapata na lugha yetu. Nilikuwa nimechoka kumwuliza "unajisikiaje," naye alikuwa amechoka zaidi kujibu. Asubuhi moja nikamsalimu, "Shikamoo dada. Miguu iko wapi leo?"

Akajibu, "Marahaba. Mmoja upo. Wa kushoto umepanda basi, nadhani umeshukia Manundu kwa mama yako, kunywa chai."

Ikawa ndiyo njia. Mguu ukiwa Manundu, siku si mbaya, atafundisha amekaa. Ukiwa Mkumbara, mbele kabisa kwenye barabara ya Moshi, nishike darasa kuanzia saa tatu. Ukifika Moshi kwenyewe, nimlete mtu amsindikize nyumbani na nisiulize neno. Mwalimu Mkuu alitusikia akadhani tuna jamaa anayesafiri sana.

Siku ya mgeni ikafika. Mapema asubuhi nilimwambia mama mpika bada kwamba sehemu ya Kupe nitaighani mimi. Alinuna! Alisema ameshona gunia kwa mkono wake, na kwamba watu wa Handeni mjini wangemwona. Nilimbembeleza, nikamwahidi sehemu ya Mwanakijiji yenye beti nyingi, na gunia nikalivaa mimi, likaniwasha mgongo mzima.

Mgeni alifika saa nane mchana, katikati ya moto wa jua. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la walimu, kanga iliyoloweshwa shingoni. Nilipompita nikamnong'oneza, "Iko wapi?" Akasema, "Mkumbara. Inatafuta basi la Moshi." Mwalimu Mkuu alikuwa karibu naye, na mfuko wa shati lake ulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Niliijua karatasi ile ni nini.

Mama Mwanakijiji akauliza kwa sauti ya kutetemesha bati, Kupe yuko wapi, ajitokeze tumwone. Nikapanda jukwaani. Watu wakaanza kucheka mapema, wakingoja nivute mguu. Sikuvuta. Nilikwenda wima, kwa hatua za gwaride, nikasimama mbele ya Mkuu wa Wilaya.  Nikaghani ubeti ambao hakuna aliyekuwa ameusikia.

*Kupe mwenyewe mzima, miguu yote miwili,*
*Asubuhi hutazama, kigingi kikiwa mbali,*
*Akajisifu kulima, kumbe hakulima kweli,*
*Ndimi kupe nasimama, nakiri bila kejeli.*

Kicheko kiliisha kwa awamu, kwanza mbele, halafu nyuma. Mgeni akamgeukia mwenyekiti. "Kigingi gani?"

Mwenyekiti akaniangalia. "Mwalimu, kile cha eneo lenu? Si unalima wewe?"

"Hapana, mwenyekiti. Nimesifiwa kwa jembe la mtu mwingine."

"Nani?"

Nimefanya kazi ngumu nyingi maishani, ila hakuna iliyonitoa jasho kama kufunga mdomo wangu dakika ile. Jina lilikuwa limefika kwenye meno. Nilitazama miguu yangu ndani ya gunia, nikasubiri. Nilikuwa nimeahidi.

"Nitasema nimekaa," sauti ikatoka kwenye benchi la walimu. "Mtaniwia radhi, mheshimiwa, nikisimama saa hizi nitaanguka. Ni mimi."

Aliwaambia. Hakuomba huruma na hakusema mengi. Alisema ana ugonjwa ambao yeye mwenyewe hajui jina lake, kwamba unakuja na kuondoka, kwamba jua linamtoa nguvu na ubaridi unamrudishia, na kwamba kila tuta la sehemu yake limelimwa kabla reli haijagongwa. Anayetaka aende akapime. Kisha akajifuta jasho na ncha ya kanga.

Mama mpika bada alikuwa bado jukwaani. Akaanza kulia, wazi wazi, machozi yakimdondokea. "Mwalimu wangu, mimi nilikuigiza."

"Uliigiza vizuri," dada akasema. "Ila wangu ni wa kushoto. Wewe ulivuta wa kulia."

Watu walilipuka. Hiki kilikuwa kicheko kingine kabisa, na hata mgeni alicheka akiwa ameshika kofia. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja na gunia linaniwasha, na kama mtu angeniambia nirukie juu ya ghala ningeruka.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alisimama, akavuta kaptula yake, akasema kwa sauti ile ile ya kukagua mahudhurio, "Nilikuwa nadai cheti. Kumbe kilikuwa kimesimikwa shambani, na mimi nakipita kila Jumamosi." Akamgeukia mwenyekiti. "Kuanzia wiki hii naomba reli igongwe saa kumi na moja na nusu alfajiri, si saa mbili. Hata mimi jua linaniumiza, nilikuwa naona haya kusema." Karatasi iliyokuwa mfukoni mwake sikuiona tena.

Nisidanganye kwamba kila mtu alielewa. Walikuwepo walioendelea kusema amerogwa, na walikuwepo waliosema anajidai, asubuhi mzima mchana mgonjwa. Mmoja nilitaka kumpiga, dada akanizuia, akasema, "Mwache, hata mimi miaka miwili ya kwanza sikujiamini." Na miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nimehamishiwa Korogwe, daktari mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyempa jina la ugonjwa, maneno mawili marefu ya kigeni, akamweleza kwamba mishipa ya fahamu ina ganda kama waya wa umeme, na ganda lake lilikuwa linakwanguka. Aliniandikia barua kunieleza. Alisema jina halikumponya, ila alilala vizuri siku ile. Mwishoni mguu wa kushoto ulikwenda Moshi na haukurudi, na wa kulia ukaufuata. Alifundisha kwa kiti, akafundisha kwa fimbo mbili, na wanafunzi wake wakawa wanamfuata nyumbani na vibao vyao. Darasa lake hakunyang'anywa.

Lakini nikimkumbuka, simkumbuki kwenye kiti. Namkumbuka Jumamosi ile ya kwanza baada ya mgeni. Niliamka kabla ya reli, nikakimbia shambani na jembe, nikitaka niwe wa kwanza, maana tabia haiishi kwa siku moja. Nilimkuta Mwalimu Mkuu na kaptula yake. Nilimkuta mama mpika bada na wenziwe wote wa kisomo, wamepanga mstari, umande umewafika magotini, wanapiga soga na kucheka kama wako harusini. Wengi walisema wanashangaa kwa nini siku zote tulikuwa tunalima juani. Na mwisho wa mstari, kwenye kigingi, alikuwepo dada, kanga mbili, jembe mkononi, ameonekana na watu wote kwa mara ya kwanza.

Nikapaza sauti kijiji kizima kisikie. "Shikamoo dada! Miguu iko wapi leo?"

Akatazama chini, akaikanyaga ardhi kwa mguu wa kulia, akaikanyaga kwa wa kushoto.

"Yote ipo hapa," akasema. "Shika jembe, kupe wee, jua linakuja."